Sheria za Uangalifu wa Kampuni Zinapimwa Mlangoni mwa Mahakama

Agosti 2012 kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, mjini Karachi, kilipewa cheti cha kimataifa cha kuthibitisha kwamba mazingira yake ya kazi ni salama na wafanyakazi wake wanatendewa haki. Tarehe 11 Septemba mwaka huohuo kiliwaka moto. Madirisha yalikuwa na nondo, milango ya kutokea imefungwa, na watu zaidi ya 250 wakafia humo ndani. Mnunuzi mkuu wa nguo zilizoshonwa pale alikuwa KiK, kampuni ya Ujerumani inayouza nguo za bei ya chini. Miezi saba baadaye, tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza, katika kitongoji cha Savar nje ya Dhaka, liliporomoka na kuua watu 1,134. Nalo lilikuwa na viwanda vilivyokwisha kupitiwa na wakaguzi waliolipwa kuangalia hali ya wafanyakazi. Kwa miaka mingi kabla ya hapo wakubwa wa biashara na serikali zao walishikilia kwamba kampuni zikiachwa zijisimamie zenyewe, kwa kanuni zao za maadili na wakaguzi wao wa kukodi, wafanyakazi wa nchi za mbali watakuwa salama. Baada ya Karachi na Savar ilikuwa vigumu kusema hivyo hadharani.

Msingi wa kufikiri upya ulikuwa umekwisha kuwekwa. Juni 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliidhinisha Kanuni Elekezi kuhusu biashara na haki za binadamu, zilizoandaliwa chini ya uongozi wa profesa John Ruggie. Kanuni hizo zinasema dola lina wajibu wa kulinda haki, kampuni ina wajibu wa kuziheshimu, na aliyeumizwa lazima apate nafuu ya kweli. Wajibu wa kampuni ukapewa sura ya utendaji: ichunguze ni wapi katika shughuli zake, za kampuni zake tanzu na za wanaoiuzia mali watu wanaweza kuumia, izuie, ifuatilie kama hatua zake zinafanya kazi, ieleze hadharani, na pale madhara yalipokwisha kutokea, ishiriki kuyarekebisha. Huo ndio wajibu wa uangalifu. Kanuni zenyewe hazikuwa na nguvu ya sheria. Ufaransa ikawa ya kwanza kuugeuza wajibu huo kuwa sheria ya jumla, Machi 2017. Norway na Ujerumani zikafuata, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha Direktivu yake, ambayo ni agizo linalozitaka nchi zote wanachama zitunge sheria za namna hiyo.

Sheria hizi zinatumia maneno yanayofanana sana, na ndiyo maana mijadala mingi juu yake huishia kwenye maswali yasiyo na uzito: kampuni iwe na wafanyakazi wangapi, ripoti iwe na kurasa ngapi, itolewe kila mwaka au kila baada ya miaka mitano. Naona kipimo chake kiko mahali pengine. Yule aliyeumia, au ndugu za aliyekufa, wanaweza kumfikisha nani mbele ya hakimu gani, wakiwa na ushahidi upi, na kabla ya muda gani kupita? Sheria inayojibu maswali hayo vizuri itabadilisha mwenendo wa kampuni hata kama ripoti zake ni chache. Isiyoyajibu itazalisha karatasi, na karatasi hizo zitakuwa ngao ya yuleyule aliyepaswa kubanwa.

Tuanze na zile zilizotegemea karatasi peke yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 dhidi ya utumwa wa kisasa inaitaka kila kampuni yenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka itoe taarifa ya hatua ilizochukua ili kuhakikisha hakuna utumwa katika biashara yake. Kifungu hichohicho kinairuhusu kampuni kutangaza kwamba haikuchukua hatua yoyote, na kwa kutangaza hivyo inakuwa imetii sheria. Waliotunga walitumaini kwamba aibu mbele ya wateja na wawekezaji ingefanya kazi ya adhabu. Lakini aibu humfika anayeonekana. Mnunuzi wa majani ya chai katika duka la London hajui shamba lililochumwa majani hayo, wala jina la nyapara anayepanga nani apewe kibarua leo. Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi wake wa mashamba ya chai ya Kericho, Kenya, yaliyokuwa kwa miaka mingi mikononi mwa Unilever na James Finlay, ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza kudhalilishwa kingono na wasimamizi wao. Hayo yalikuwa mashamba ya kampuni zenye sera, taarifa za kila mwaka na vyeti. Ukaguzi unaofanywa kwa siku mbili tatu, na ambao msimamizi anajua unakuja, hauwezi kumsikia mwanamke ambaye kazi yake ya kesho iko mkononi mwa huyohuyo msimamizi.

Kivu, mashariki mwa Kongo, inafundisha zaidi ya Kericho, kwa sababu huko sheria ya karatasi ilileta hasara ya moja kwa moja. Julai 2010 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya fedha ya Dodd-Frank, na ndani yake kifungu namba 1502 kilichozitaka kampuni zilizosajiliwa katika masoko ya hisa ya nchi hiyo zieleze kama bati, tantalamu, tungsteni na dhahabu zinazotumia zimetoka Kongo au nchi jirani, na kama zimefadhili makundi yenye silaha. Nia ilikuwa njema kabisa. Wakazi wa Kivu waliibandika jina, sheria ya Obama, na wengi wao hawakulitamka kwa furaha. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, zuio lililodumu hadi Machi 2011. Lilipoondolewa, wanunuzi wengi wa kimataifa hawakurudi. Kwa kampuni iliyo mbali, njia nyepesi ya kuandika taarifa safi ilikuwa kutonunua chochote kutoka eneo lile. Familia zilizokuwa zikiishi kwa sururu na koleo zikakosa ada ya shule na nauli ya hospitali, ilhali wenye bunduki walihamia kwenye dhahabu, ambayo hubebeka mfukoni na ni vigumu kuifuatilia, au wakaanza kutoza ushuru barabarani. Ukaja mpango wa kufunga magunia kwa lakiri zenye namba ili kila kilo ijulikane ilikotoka. Lakini lakiri hufungwa na mtu, na mtu huweza kuhongwa au kutishwa. Aprili 2024 waasi wa M23 waliuteka Rubaya, mji wa wilaya ya Masisi wenye moja ya hazina kubwa za koltani duniani, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaripoti kwamba mzigo wa huko ulivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na madini ya nchi hiyo, jambo ambalo Kigali imelikana.

Wapinzani wa sheria za uangalifu huutaja mfano wa Kivu mara kwa mara, na wana haki ya kuutaja. Wanasema ukiibana kampuni itahama, na atakayeumia ni maskini uliyetaka kumlinda. Lakini tuangalie ni sheria ya namna gani iliyoleta matokeo hayo. Kifungu cha 1502 kiliuliza madini yametoka wapi. Hakikuuliza kampuni imefanya nini kwa ajili ya mchimbaji, wala hakikumpa mchimbaji huyo njia yoyote ya kudai. Kilimjali kama alama kwenye ramani. Kwa hiyo kukimbia kulihesabiwa kuwa utii. Wajibu wa uangalifu kama ulivyoandikwa katika Kanuni Elekezi, na baadaye katika Direktivu ya Ulaya, unaitaka kampuni kwanza itumie nguvu zake kurekebisha hali, na kuvunja uhusiano kuwe hatua ya mwisho, tena baada ya kupima kama kuondoka kutaleta madhara makubwa kuliko kubaki. Tofauti hiyo ina maana hadi leo. Desemba 2024 serikali ya Kongo ilifungua malalamiko ya jinai Paris na Brussels dhidi ya kampuni tanzu za Apple kuhusu madini ya mashariki. Apple ilikana tuhuma hizo na kueleza kwamba ilikwisha kuwaagiza wanaoiuzia waache kuchukua madini hayo kutoka Kongo na Rwanda. Kwa mantiki ya mwaka 2010 jibu hilo linatosha. Kwa mantiki ya uangalifu, hapo ndipo maswali yanapoanza: wachimbaji waliotegemea mzigo ule waliachwa katika hali gani, na nani aliwauliza?

Uingereza haina sheria ya jumla ya uangalifu, na hata hivyo mahakama zake zimewafungulia wananchi wa Afrika njia ya kupata fidia ambazo wasingezipata kwa ripoti elfu moja. Mwezi Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliwaruhusu wanakijiji wa Chingola, Zambia, kuishtaki kampuni ya Vedanta mjini London kwa uchafuzi wa maji uliotokana na mgodi wa shaba wa kampuni yake tanzu. Februari 2021 kampuni ya Camellia ilikubali kulipa pauni milioni 4.6 kumaliza madai ya watu waliosema waliumizwa na walinzi wa shamba la Kakuzi katika kaunti ya Murang'a. Mei mwaka huohuo Petra Diamonds ikakubali kulipa pauni milioni 4.3, bila kukiri dhima, kumaliza madai ya watu 71 kuhusu vipigo, majeraha na vifo katika mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga. Inafaa kukumbuka kwamba utaratibu wa kimataifa wa kuthibitisha almasi, unaoitwa Kimberley na ulioanza mwaka 2003, usingegundua chochote Mwadui, kwa kuwa almasi chafu kwake ni ile inayofadhili waasi. Mlinzi wa mgodi akimpiga risasi kijana aliyeingia na chekecheke usiku, almasi ya mgodi huo inabaki safi mbele ya cheti hicho. Madai ya fidia ndiyo yaliyoulazimisha mgodi kubadili mpangilio wake wa ulinzi na kuweka utaratibu wa kusikiliza malalamiko.

Hata hivyo njia hii ya London ina kasoro inayoudhi. Katika shauri la Vedanta, moja ya hoja zilizowasaidia wanakijiji ilikuwa kwamba kampuni mama ilikuwa imechapisha ripoti ikijitangaza kuwa ndiyo inayosimamia masuala ya mazingira na usalama katika kampuni zake zote. Mahakama ilisema, kwa haki kabisa, kwamba anayejitwika usimamizi hadharani anaweza kuulizwa juu yake. Lakini mwanasheria mwangalifu wa kampuni nyingine atasoma hukumu hiyo na kumshauri mteja wake asiahidi, asisimamie, asijue. Bila sheria inayoweka wajibu kwa wote, anayejali hujiweka hatarini na anayepuuza hubaki salama. Hoja hii inatosha, hata tukiziacha nyingine zote, kueleza kwa nini wajibu wa uangalifu hauwezi kuachwa uwe wa hiari. Pia ndiyo sababu kampuni kadhaa kubwa, zikiwamo Unilever, Mars na Ferrero, ziliiomba Tume ya Ulaya mwanzoni mwa 2025 isiifumue upya Direktivu iliyokwisha kupitishwa. Kampuni zilizokwisha kugharimika hazitaki kushindana na zile ambazo hazijafanya kitu.

Sheria ya Ufaransa ilikuja kuziba pengo hilo, na yaliyoipata yanaonyesha ugumu wa kazi. Inazibana kampuni zenye wafanyakazi 5,000 ndani ya Ufaransa au 10,000 duniani kote. Zinapaswa kutunga mpango wa uangalifu, kuuchapisha na kuutekeleza; zisipofanya hivyo, mahakama inaweza kuziamuru, na aliyedhurika anaweza kudai fidia. Shauri la kwanza chini yake linatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2019 mashirika mawili ya Ufaransa na manne ya Uganda yaliishtaki kampuni ya Total, ambayo sasa ni TotalEnergies, kuhusu visima vya mafuta vya Tilenga kando ya Ziwa Albert na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Walalamikaji walisema wakulima ambao ardhi yao ilifanyiwa tathmini walizuiwa kupanda mazao ya kudumu na kujenga, kisha wakangojea fidia kwa miaka. Ukilijua shamba la migomba na mibuni, unajua zuio la namna hiyo lina maana gani kwa kaya: chakula na fedha za msimu ujao zimezuiwa kabla hata trekta halijafika. Kampuni ilikana kukiuka sheria.

Zaidi ya miaka miwili ilipotea kwa kubishana tu ni mahakama ipi isikilize, ya kibiashara au ya kiraia. Bunge likaingilia kati Desemba 2021 na kuipa mahakama ya kiraia ya Paris kazi hiyo. Tarehe 28 Februari 2023 mahakama hiyo ikayakataa maombi bila kuamua nani mkweli. Ilisema madai yaliyofikishwa mbele yake yalikuwa yametofautiana sana na yale ya barua ya onyo ya mwaka 2019, na kwamba suala zito hivyo lisingeweza kuamuliwa na hakimu wa mashauri ya dharura. Yaani katika miaka minne mpango wa kampuni ulibadilika kila mwaka, walalamikaji wakabadilisha hoja zao ili zilingane na mpango mpya, na mabadiliko hayo ndiyo yakawaangusha. Juni 2023 Waganda 26, pamoja na mashirika, walirudi Paris na shauri jipya la kudai fidia. Linganisha na hukumu ya kwanza iliyompa mlalamikaji ushindi chini ya sheria hiyohiyo: ilitolewa Desemba 2023 dhidi ya La Poste, shirika la posta la Ufaransa, kwa madai ya chama cha wafanyakazi wa huko huko, kuhusu wafanyakazi wa wakandarasi wake ndani ya Ufaransa. Mahakama ya rufaa iliithibitisha Juni 2025. Ni ushindi wa haki, na unaonyesha umbali una uzito gani. Chama chenye ofisi Paris kinaweza kukusanya nyaraka, kumlipa wakili na kuhudhuria kila kikao. Mkulima wa Buliisa, kwenye visima vya Tilenga, ana hati ya tathmini na ushahidi wa majirani. Hati zinazoonyesha kampuni ilijua nini na lini ziko kwenye makabati ya mdaiwa.

Ujerumani ilichagua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2021, iliyoanza kazi Januari 2023, inasimamiwa na ofisi ya serikali inayoweza kuhoji, kukagua na kutoza faini hadi asilimia 2 ya mauzo ya mwaka kwa kampuni kubwa kabisa, lakini inatamka wazi kwamba haianzishi dhima mpya ya fidia. Sitasema haina kazi. Mwaka 2023 madereva wa malori, wengi wao kutoka Georgia na Uzbekistan, waligoma kwenye kituo cha mapumziko cha Gräfenhausen wakidai mishahara yao. Ofisi hiyo ilianza kuzihoji kampuni zilizokuwa na mizigo kwenye malori yale, na madereva wakalipwa. Lakini wale walikuwa Ujerumani, mbele ya kamera, na mzigo wa mnunuzi ukiwa nyuma yao. Faini inapotozwa huingia hazina ya Berlin. Mchuma chai au mshonaji anaweza kupeleka malalamiko katika ofisi hiyo, na malalamiko hayo yanaweza kuitikisa kampuni, ila yeye mwenyewe hadai kitu kwa sheria hiyo. Ni shahidi katika jambo lililo kati ya kampuni na serikali yake.

Kwa kuyajua hayo, Direktivu ya Ulaya iliyopitishwa mwaka 2024 ilikuwa hatua kubwa kuliko watu wengi walivyotambua. Kifungu chake cha dhima kilisema aliyedhurika kwa uzembe wa kampuni anaweza kudai fidia kamili, kwamba muda wa kufungua madai usiwe chini ya miaka mitano, kwamba mahakama inaweza kuiamuru kampuni itoe ushahidi ulioko mikononi mwake, kwamba vyama vya wafanyakazi na mashirika yanaweza kudai kwa niaba ya wahanga, na kwamba kanuni hizo zitatumika hata pale ambapo kwa kawaida sheria ya nchi yalikotokea madhara ndiyo ingetawala shauri. Kila kipengele kilitokana na shauri lililowahi kukwama. Ndugu za waliokufa Karachi na manusura wa moto ule walipoishtaki KiK mahakamani Dortmund, shauri lao lilitupwa Januari 2019 kwa sababu sheria ya Pakistan ndiyo iliyotumika na muda wake wa kufungua madai ulikuwa umepita. Hakuna hakimu aliyewahi kutamka kama mnunuzi alipaswa kujua juu ya nondo zile. Fidia iliyopatikana ilikuja nje ya mahakama, kwa makubaliano ya mwaka 2016 yaliyosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani.

Kiini cha kifungu hicho kimeondolewa. Februari 2025, kwa jina la kurahisisha sheria na kuinua ushindani wa biashara za Ulaya, Tume ilipendekeza marekebisho, na makubaliano ya Desemba 2025 kati ya Bunge la Ulaya na Baraza la mawaziri wa nchi wanachama yakayapeleka mbali zaidi. Kizingiti kilipandishwa kutoka wafanyakazi 1,000 na mauzo ya euro milioni 450 hadi wafanyakazi 5,000 na mauzo ya euro bilioni 1.5. Dhima ya pamoja ya Ulaya nzima ikafutwa, kila nchi ikaachiwa sheria zake za fidia, na utekelezaji ukasogezwa hadi Julai 2029. Wanaotetea mabadiliko hayo wanasema wamepunguza mzigo wa karatasi. Nakubaliana nao kwamba mzigo huo ulikuwa mkubwa na kwamba fomu nyingi hazimlindi mtu. Lakini kama tatizo lilikuwa fomu, wangepunguza fomu wakaiacha dhima, kwa sababu kampuni inayojua itawajibika kwa madhara haihitaji kuelekezwa kurasa ngapi za kujaza. Itatafuta yenyewe hatari ziko wapi. Kilichobaki sasa katika ngazi ya Ulaya ni wajibu wa kuchunguza usioandamana na haki ya pamoja ya kudai fidia.

Malalamiko kuhusu gharama yana sura nyingine ambayo huku kwetu tunaijua vizuri kuliko Brussels. Mara nyingi mnunuzi aliyewekewa wajibu huusukuma chini kwa mkataba. Sheria ya Ulaya dhidi ya ukataji misitu inamtaka mwagizaji wa kahawa ajue kila shamba kahawa ilikotoka, kwa alama za ramani. Mwagizaji anamwambia msafirishaji, msafirishaji anakiambia chama cha ushirika, na chama kinatafuta vijana wenye simu za kupimia maelfu ya viunga vya wakulima huku bei ya kilo ikibaki ilipokuwa. Kisha tarehe ya kuanza inasogezwa, mara ya kwanza hadi Desemba 2025, mara ya pili hadi Desemba 2026, na waliowahi kutumia fedha wanabaki kungoja. Huu ni udhalimu, na wanaoita sheria hizi ukoloni mpya wanauona sawasawa. Dawa yake iko ndani ya wazo lenyewe la uangalifu: kampuni inapaswa kuchunguza pia jinsi yenyewe inavyonunua, kwa maana ya bei inayotoa, muda inaompa mzalishaji na tabia ya kufuta oda dakika za mwisho. Anayenunua kwa bei isiyolipa mshahara halali amechangia mshahara haramu. Na kuhusu ukoloni, mkono wa mnunuzi wa Ulaya ulivuka mpaka zamani. Ndio unaoamua ukubwa wa parachichi, rangi ya chai na tarehe ya meli. Sheria ya uangalifu inataka uwajibikaji uvuke mpaka uleule ambao amri na faida vimekuwa vikivuka bila pasipoti.

Hoja ninayoiona nzito kuliko zote ni kwamba kulinda raia ni kazi ya dola lao, na mahakama za Paris au London haziwezi kuchukua nafasi ya Kampala, Dodoma au Nairobi. Kwa kanuni, ni kweli. Ila katika mradi wa bomba la Hoima hadi Tanga, shirika la mafuta la Uganda na lile la Tanzania kila moja lina asilimia 15 ya hisa, na serikali ya Tanzania ilikuwa na asilimia 25 ya mgodi wa Mwadui. Dola linalopaswa kuwa mwamuzi ni mbia. Hilo halilifanyi liwe na hatia, wala mbia hawezi kulaumiwa kwa kutaka mradi ufanikiwe, lakini raia anayelalamika anahitaji mwamuzi mwingine asiye na hisa.

Na mwamuzi huyo si lazima awe ng'ambo. Wasimamizi wa maudhui ya Facebook waliofanya kazi Nairobi chini ya kampuni ya Sama waliishtaki Meta, kampuni inayomiliki Facebook, nchini Kenya, na Meta ikajibu kwamba haikusajiliwa huko wala haikuwa mwajiri wao. Februari 2023 mahakama ya kazi ilikataa kuiondoa katika shauri, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kenya ilifanya hivyo bila sheria maalumu ya uangalifu. Majaji walisoma Katiba na sheria za kazi wakauliza kazi ile ilikuwa ikifanywa kwa ajili ya nani. Kama Nairobi inaweza, basi Tanzania na Uganda nazo zinaweza kutamka katika sheria zao za kazi na za ardhi kwamba mnunuzi au kampuni mama yenye nguvu juu ya mazingira ya kazi ni mdaiwa halali mahali kazi inapofanyika, na kwamba nyaraka za tathmini na za usalama zitolewe kwa anayezidai mbele ya hakimu.

Hata chombo chetu cha pamoja kina mlango mwembamba mno. Mwaka 2020 mashirika ya kiraia yalipeleka suala la bomba hilohilo katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Novemba 2023 Divisheni ya Awali ililitupa kwa sababu shauri lilifunguliwa kwa kuchelewa. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unampa mwananchi miezi miwili tu, tangu kitendo kinacholalamikiwa kitokee au tangu akijue, kufungua shauri. Katika miezi miwili mkulima hajapata hata nakala ya fomu yake ya tathmini. Direktivu ya Ulaya ya mwaka 2024 ilitoa angalau miaka mitano. Kuirefusha miezi hiyo hakuhitaji idhini ya Brussels. Kunahitaji wakuu wa nchi wanachama kukubali kuifungua ibara ya 30 ya Mkataba wao wenyewe na kuandika ndani yake muda ambao mtu wa Buliisa au wa Chongoleani anaweza kuutumia.